Swali Lenye Pengo Moja: Mwongozo wa Kuuliza kwa Watu wa Nyakiriba

Asubuhi moja nilikuwa njiani Nyakiriba, wilayani Rubavu, Rwanda, nyuma ya mama mmoja na bintiye wa miaka saba au minane, wote wamebeba bidoni za njano. Walipofika mahali mto Sebeya unapoonekana, mtoto akasimama. Maji yalikuwa mazito, rangi ya matofali. Akasema, "Mama, Sebeya imekuwa nyekundu, na huku kwetu hakukunyesha. Imenyesha wapi?" Mama akajibu kama wengi wetu tungejibu asubuhi yenye kazi: "Tembea, mwanangu, tunachelewa." Wakaenda zao.

Swali lile halijanitoka kichwani. Mtoto alikuwa anakumbuka rangi ya mto siku zilizopita. Alikuwa ameshajifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba mvua ndiyo inayoleta tope. Akaangalia ardhi aliyoikanyaga, akaiona kavu. Hesabu ikakataa. Badala ya kuuliza kwa nini maji ni mabaya, au nani kayachafua, akaenda moja kwa moja mahali hesabu ilipokatikia: mvua ipo, ila sipajui ilipo. Kwa watu wanaoishi kando ya mto unaoteremka kutoka milima ya Rutsiro hadi Ziwa Kivu, hilo si swali la kitoto. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Mtu anayezoea kuutazama mto na kujiuliza juu huko kunaendelea nini, anaishi akiwa macho.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya mzazi, mwalimu, mwanafunzi na mkulima wa Nyakiriba, na jirani zao wa Kanama, Rugerero na Gisenyi mjini. Naamini kuuliza ni ufundi kama kushona nguo au kupanga mawe ya ukuta. Unafundishika, na mtu hukua akili kwa kuufanyia mazoezi.

Jaza sentensi, bakiza pengo

Lugha yetu yenyewe inatuelekeza. Chukua sentensi hii: "Mama amenunua viazi sokoni." Ukitaka kuuliza, huipindui. Unaondoa neno moja, unaweka kiulizi palepale lilipokuwa: "Mama amenunua nini sokoni?" Au: "Mama amenunua viazi wapi?" Kinyarwanda nacho hufanya vivyo hivyo: "Mama yaguze iki?" Katika lugha hizi swali ni sentensi iliyojaa isipokuwa mahali pamoja. Anayeuliza swali la kwanza anamjua mnunuzi, anajua alichofanya na alikokwenda. Anachokikosa ni kitu kimoja, na anajua kimekosekana wapi.

Hicho ndicho kipimo ninachokupa. Kabla hujauliza, sema unachokijua, kisha bakiza pengo moja.

Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, sijaelewa," amemwonyesha mwalimu shimo lisilo na kingo. Mwalimu ataanza somo upya tangu mwanzo, na darasa zima litachoka. Lakini akisema, "Nimeelewa kwa nini tunazifanya asili zilingane, ila katika mstari wa tatu hii 4 imetoka wapi?" mwalimu atajibu kwa neno moja. Na mara nyingi jambo la ajabu hutokea: mwanafunzi akiitunga sentensi hiyo, anafika katikati na kusema, "Basi, nimeona." Pengo lilipopata kingo, limejiziba lenyewe.

Shambani ni hivyo hivyo. Mkulima akimwambia agoronome (bwana shamba) wa umurenge, "Viazi vyangu vinakufa, nifanye nini?" atajibiwa kwamba apige dawa, kwa sababu hilo ndilo jibu linalofaa watu wote na lisilomfaa mtu yeyote hasa. Sasa msikilize huyu: "Mbegu ni moja, nimepanda siku moja, mvua ni hiyo hiyo. Matuta ya chini karibu na mfereji majani yameungua, yana ukungu mweupe kwa chini asubuhi. Matuta ya juu yanayopata upepo hayana kitu. Hapa chini pana nini ambacho juu hakipo?" Agoronome hawezi tena kujibu akiwa ofisini. Itabidi aje. Na mkulima mwenyewe amekwisha kukaribia jibu, maana ameona kwamba unyevu unaotuama ndio tofauti iliyobaki.

Anza na macho

Swali zuri huanza na "nimeona". Katika nchi yetu ya volkano kuna neno la Kiswahili ambalo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo: mazuku. Ndizo zile hewa za kuua zinazotuama kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano upande wa Goma na Gisenyi. Wenyeji waliliona jambo hilo kabla ya vipimo vyovyote: mbuzi anaingia bondeni na kufa, mwenye mbuzi amesimama pale pale na hana neno. Asiyeuliza atasema ni uchawi, ataondoka. Anayeuliza atasema: mahali ni pamoja, saa ni moja, hewa ni moja, mbuzi na mtu wametofautiana nini? Wametofautiana kimo. Basi kinachoua kiko chini. Na kweli ni kabonidioksidi, gesi nzito kuliko hewa, inayolala kama maji kwenye bakuli. Ndiyo maana mtoto hapelekwi huko, na mtu mzima hainami wala halali mahali hapo.

Zoezi la nyumbani ni jepesi. Kila jioni mwulize mtoto, "Leo umeona nini ambacho hukukitegemea?" Usiulize amejifunza nini, maana atakusomea daftari. Jambo lisilotegemewa ndilo mbegu, kwa kuwa linaonyesha mahali ambapo alichokijua hakikutosha.

Mvulana wa Magamba

Nikae kidogo kwenye kisa kimoja, kwa sababu sijui kingine cha Afrika Mashariki kinachoonyesha vizuri zaidi nguvu ya swali na gharama yake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi zilikuwa chache. Siku moja mwenzake aliweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Akamwuliza mwalimu. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Wengi wangeishia hapo. Lakini Mpemba alikwenda kuuliza tena, safari hii kwa watu wa kazi: rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ungali moto, kwa sababu huganda upesi. Angalia alivyofanya. Mwenye kitabu alipomkatalia, alimtafuta mwenye mikono.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akalisoma somo la kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu wenzake walimcheka kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Kijana huyo hakubishana. Alipopata nafasi katika maabara, alichukua maji moto na maji ya bomba akayajaribu mwenyewe.

Kisha akaja shuleni Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama. Alimweleza kwamba ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine 100, ukaviweka kwenye friji, kilichoanza na 100 huganda kwanza. Akauliza ni kwa nini. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alimwuliza kama kweli amejaribu, na aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji moto yameganda kwanza, na kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo duniani linaitwa kwa jina la Mpemba.

Soma tena swali lake. Vyombo vimetajwa, ujazo umetajwa, joto limetajwa, friji imetajwa, matokeo yametajwa. Pengo lililobaki ni moja tu. Swali la namna hiyo mtu anaweza kulijaribu bila kumwamini aliyeuliza, na hapo ndipo lilipo nguvu yake: kijana asiye na cheo alimfanya msomi arudi maabara. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Wanasayansi hata leo hawajakubaliana, na wapo wanaosema athari yenyewe haijathibitika. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu limewashughulisha wakubwa kwa zaidi ya miaka hamsini.

Usihesabu maswali, yapime

Wazazi huniuliza kama mtoto anayeuliza sana ana akili nyingi. Jibu langu ni kwamba wingi pekee hausemi mengi. Watoto wadogo wote huuliza kama mvua ya masika. Kinachobadilika akili inapokomaa ni umbo la swali.

Mwaka 1966 Frederic Mosher na Joan Hornsby walichapisha utafiti wa mchezo mmoja. Watoto waliwekewa picha 42, wakatakiwa kugundua picha moja iliyofikiriwa na mchunguzi kwa maswali ya ndiyo na hapana. Wenye miaka sita walibahatisha: ni nyundo? ni ng'ombe? Wa miaka kumi na mmoja waliuliza: ni kitu cha kutumia kazini? ni kiumbe hai? Swali la kwanza hufuta picha moja, la pili hufuta nusu ya meza. Mchezo huu hauhitaji picha. Tandaza mbele ya mtoto vitu kumi na sita vya nyumbani, maharage, kijiko, karoti, kitambaa, chochote, ufikirie kimoja. Akishindwa leo, usimpe jibu. Mwonyeshe jinsi swali moja linavyoweza kuondoa vitu vinane. Katika wiki chache utaona tofauti hata anapotafuta kiatu kilichopotea.

Ubunifu nao una umbo lake. Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi waliwachukua wanafunzi 31 wa sanaa Chicago, wakawawekea mezani vitu 27, wakawaambia wachague, wapange, wachore. Wengine walichukua vitu vichache, wakaanza kuchora mara moja. Wengine walivishika vingi, wakavigeuza, wakavipanga na kuvipangua, na hata walipokwisha kuanza wakabadili walichokuwa wakikichora. Michoro ya hawa wa pili ndiyo waamuzi waliyoiona mipya, na miaka iliyofuata ndio waliofanikiwa zaidi katika sanaa. Walichokuwa wakikifanya pale mezani ni kutafuta swali. Kwa hiyo fundi wako akivigeuzageuza vipande vya mbao muda mrefu kabla ya kupiga msumari, usimkemee upesi kwamba anapoteza wakati.

Mtihani maarufu wa ubunifu, ule wa Paul Torrance wa mwaka 1966, una sehemu ambayo mtu huonyeshwa picha na kutakiwa aandike maswali yote anayoweza, ila yasiwe maswali yanayojibiwa kwa kuitazama picha tu. Ukiwa na kalenda ya ukutani, una mtihani huo. "Ng'ombe ni wangapi?" hairuhusiwi. "Aliyepiga picha alisimama wapi?" inaruhusiwa.

Na sisi tunayo michezo yetu. Jioni za Kinyarwanda zina "Sakwe sakwe!" na "Soma!", Kiswahili kina "Kitendawili!" na "Tega!" Tatizo langu na desturi hii ni moja: watoto wanakariri vitendawili vya zamani na majibu yake, basi mchezo unabaki wa kumbukumbu. Watake watunge vipya. Mtoto atakayetunga kitendawili cha taa ya simu au cha pikipiki ya taksi lazima akitazame kitu hicho mpaka akione kama kitu kingine. Mjibu akishindwa, mtegaji apewe mji kama desturi inavyotaka. Atautafuta mji wa pili kwa hamu.

Swali nalo hupiga hodi

Huku kwetu mtoto hamkatizi mkubwa, na "kwa nini" ya ghafla inaweza kusikika kama dharau. Sikubaliani na wanaotaka desturi hii itupwe ili watoto wawe wadadisi. Heshima na udadisi vinakaa nyumba moja, mradi swali lipige hodi. Mfundishe mwanao maneno haya: "Naomba kuuliza, mzee." "Mwalimu, nisaidie hapa." "Mama, nimeona jambo sijalielewa." Mkubwa aliyeombwa msaada hufungua mlango, aliyesukumwa huufunga.

Kwa watu wazima nina onyo moja juu ya "kwa nini". Ukiuliza kitu au mto, ni neno zuri kuliko yote. Ukimwuliza mtu, mara nyingi linageuka kuwa mashtaka. "Kwa nini umechelewa?" huzaa kisingizio. "Imekuwaje njiani?" huzaa habari. Katika inteko y'abaturage (mkutano wa wananchi) au kwenye kikao baada ya umuganda (kazi ya pamoja), ukisimama na kusema "Kwa nini mfereji haujatengenezwa?" viongozi watajitetea. Ukisema, "Mfereji ulipimwa, mawe yameletwa, kazi imesimama. Kilichobaki ni nini, na nani anakingoja?" kutakuwa na jibu, na watu wote waliokaa kwenye nyasi watalisikia.

Kwenye kituo cha afya andika kabla hujaondoka nyumbani. Homa ilianza lini, ilipanda saa ngapi, amekula nini, dawa gani imekwisha tumika, kisha swali lako moja. Muuguzi mwenye foleni ndefu atakuhudumia vizuri zaidi kwa maneno hayo kuliko kwa machozi.

Kwa anayeulizwa

Mwalimu, sehemu kubwa ya kazi hii iko mikononi mwako, na najua darasa lako limejaa. Mtaala ulioanza kutumika Rwanda mwaka 2016 unataka mwanafunzi afikiri kwa kina, abuni na kutafiti, na hayo hayaji kwa kunakili ubaoni. Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda za madarasa ya Marekani miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu baada ya kuuliza husubiri kwa wastani sekunde moja tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao. Sekunde tatu hazihitaji bajeti. Hesabu vidole vitatu mgongoni mwako.

Arthur Graesser na Natalie Person waliandika mwaka 1994 kwamba darasani mwanafunzi mmoja huuliza kwa wastani maswali 0.11 kwa saa, yaani anaweza kukaa saa tisa kabla ya kuuliza mara moja. Mwanafunzi akiketi na mkufunzi peke yake, anauliza 26.5 kwa saa. Kwa hiyo maswali yapo, yamefungiwa kifuani. Wagawe wawili wawili dakika tano kabla kipindi hakijaisha, kila jozi ikupe swali moja lililoandikwa.

Na mruhusu aulize kwa lugha anayoiotea ndoto. Masomo yetu mengi ni kwa Kiingereza tangu uamuzi wa mwaka 2008, lakini mtoto anayetafuta neno la kigeni hupoteza pengo lake kabla hajalisema. Apokelewe kwa Kinyarwanda au Kiswahili kwanza, tafsiri ifuate.

Mzazi, ukiulizwa usilolijua, sema "sijui", kisha ongeza neno moja: "tutajuaje?" Hilo la pili lisisahauliwe. Mtoto wa kwenye njia ya Sebeya angeweza kujibiwa kwa sekunde chache: "Labda juu, upande wa Rutsiro. Jioni tumpigie shangazi tumwulize kama kulinyesha." Simu ya dakika moja ingemfundisha mtoto yule kwamba alichokiwaza kinaweza kuhakikiwa.

Ukimsikia mtoto kama yule kesho asubuhi, tua bidoni chini kwanza. Tazama naye maji yale mpaka naye aridhike, ndipo mwendelee na safari.